Mwenye Hisa Amerudi Shule

Bweni la Wanawake, Chumba 14
3 Februari

Mjukuu wangu Meneja,

Natumaini u mzima, na mama yako mzima, na magoti yake yameacha kumsumbua. Mimi sijambo. Nilifika salama. Begi langu moja lilitangulia kwenda kusikojulikana, likarudi baada ya siku mbili likiwa na kufuli jipya ambalo si langu. Nimelivunja kwa kisigino cha kiatu.

Nimepangiwa chumba na binti wa miaka kumi na tisa. Aliponikuta nimekaa kitandani alinipa shikamoo, akaniuliza namsubiri mjukuu gani. Nikamwambia mimi ndiye mwanafunzi, mwaka wa kwanza, na kitanda cha chini ni changu kwa sababu ya umri. Akatoka kwenda koridoni kupiga simu. Bado yuko kwenye simu hiyo. Nimempa jina la Kisimu, naye hakukasirika.

Unajua kwa nini nakuandikia barua. Simu yako ina ugonjwa. Nikiulizia magoti ya mama yako nakusikia vizuri, nikitaja fedha za kiwanda mtandao unakatika. Karatasi haikatiki.

Sasa jambo lenyewe. Somo ninalolipenda kuliko yote linaitwa Misingi ya Fedha za Kampuni. Mwalimu ni kijana mwenye miwani, na kila swali analijibu "inategemea", kwa hiyo tunamwita Profesa Inategemea. Lakini wiki ya kwanza alisema jambo moja bila kusita: kampuni ipo ili kumwongezea mali mwenye nayo. Nikainua mkono nikauliza mwenye nayo ni nani. Akasema ni mwenye hisa. Nikauliza, na meneja je? Akasema meneja ameajiriwa kumtumikia mwenye hisa, na kwamba kuna tatizo linalojulikana dunia nzima, la meneja kujisahau na kuanza kutumia fedha za mwenye hisa kwa raha zake. Akatoa mfano wa meneja aliyejinunulia kiti cha kuzunguka.

Mjukuu wangu, nilifikiria kiti chako kipindi chote kilichobaki.

Hisa zote za kiwanda cha chaki babu yako aliniachia mimi. Miaka tisa nimekuwa mwenye hisa bila kujua kwamba ni cheo. Basi kwa cheo hicho naomba kitu. Tumepewa kazi ya muhula mzima: kila mtu achague kampuni ya kweli na kuipima thamani yake. Wenzangu wamechagua mabenki. Mimi nimechagua yetu. Nitumie hesabu za miaka mitatu, fedha zilizoingia na zilizotoka, kama zilivyo.

Bibi yako,
Mwenye Hisa

Kiwanda cha Chaki, Ofisini
26 Februari

Bibi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilifika mapema, ikafunikwa na barua nyingine mezani. Mama hajambo. Anasema watu wanamuuliza njiani kama ni kweli mama yake mzazi ametoroka nyumbani akiwa na miaka sitini na sita. Zamani alikuwa anaeleza. Siku hizi anajibu ndiyo na kuendelea na safari. Mama Trei anakusalimu, pamoja na wote wa kwenye kuanika. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, na chaki zilizokuwa kwenye trei zimekuwa uji.

Kiti cha kuzunguka kilizunguka mara ya mwisho mwaka juzi. Sasa kimelalia upande mmoja, ukikikalia vibaya kinakumwaga. Hiyo ndiyo raha yangu.

Kuhusu hesabu, naambatanisha karatasi ya mhasibu. Utaona faida ya mwaka jana ni milioni tisa. Kiwanda ni kizima, na unaweza kuandika hivyo hivyo kwenye kazi yako ukapata alama nzuri. Zile za fedha zilizoingia na kutoka mhasibu bado anazipanga. Ana mafua.

Na wewe masomo yanaendaje? Mmeshafanya jaribio lolote?

Mjukuu wako

Chumba 14
9 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mwambie mhasibu apone haraka. Mwambie mama yako awaambie watu nimetoroka na mwanamume, watamuacha apumzike.

Hapa tuko salama. Kisimu alinikopa elfu tano, akazirudisha baada ya wiki tatu zilezile elfu tano. Nikamweleza kwamba elfu tano ya leo na elfu tano ya wiki tatu zijazo hazilingani, kwa sababu ya leo ningeweza kuifanyia kazi. Ndivyo tulivyofundishwa. Akaniuliza ningeifanyia kazi gani. Nikasema ningemkopesha yeye mwenyewe kwa riba. Sasa anakopa chumba cha pili.

Karatasi ya mhasibu niliisoma wiki ileile tuliyofundishwa kwamba faida si fedha. Unapeleka maboksi shuleni, mhasibu anaandika mauzo, mauzo yanazaa faida, na hakuna hata senti iliyoingia kwenye kasha. Profesa anasema kampuni nyingi zimekufa zikiwa na faida. Sasa niambie, katika milioni tisa zako, ngapi ziko benki na ngapi ziko kwenye madroo ya walimu wakuu?

Na jambo la pili. Mama Trei ameniandikia mistari minne. Mitatu ni salamu. Wa nne unasema kile kitu kilichofunikwa turubai uani kinawazuia kuanika trei.

Kitu gani hicho?

Bibi

Chumba 14
1 Aprili

Mjukuu wangu,

Salamu kwa wote.

Turubai.

Bibi

Ofisini
11 Aprili

Bibi, shikamoo tena.

Mama anaendelea vizuri, ameanza kutembea asubuhi hadi kona ya barabara na kurudi. Mama Trei hajambo, ila hatusemezani sana tangu nilipojua kwamba anaandika barua.

Chini ya turubai kuna mashine. Nilitaka nikushangaze ukija likizo. Ni ya kutengeneza chaki za rangi, rangi saba, inamimina na kukausha yenyewe, tena si mpya ila imetumika kidogo tu. Nimeinunua kwa milioni kumi na nane. Nane zilitoka kwenye kasha letu, kumi nimekopa benki kwa riba ya asilimia kumi na tano. Usishtuke, nimepiga hesabu. Itatuongezea milioni tatu kila mwaka, nayo itadumu miaka minane. Tatu mara nane ni ishirini na nne. Toa kumi na nane, tumebaki na sita za bure.

Kwa sasa haifanyi kazi kwa sababu inahitaji spea moja ya milioni moja na laki mbili. Nataka niinunue, maana tukiacha sasa zile kumi na nane zitakuwa zimepotea.

Hujanijibu habari ya jaribio. Najua mlifanya. Matokeo yakoje?

Mjukuu wako

Chumba 14
22 Aprili

Mjukuu wangu,

Afya yangu nzuri. Chakula cha hapa kinashibisha bila kufurahisha. Nafurahi kusikia mama yako anatembea.

Barua yako niliisomea darasani, na Profesa akaniuliza kama naumwa. Nikampa ile hesabu yako ya tatu mara nane. Akaiandika ubaoni bila kutaja jina, akawauliza wanafunzi kosa liko wapi. Mikono yote ikainuka. Hata ya Kisimu, ambaye alikuwa anatazama simu.

Kosa liko hapa. Milioni tatu za mwaka wa nane huwezi kuzihesabu kama milioni tatu za leo. Kila mwaka unaosubiri, benki inakula asilimia kumi na tano. Ukizirudisha zote nane hadi leo, mwaka kwa mwaka, hupati ishirini na nne. Unapata kumi na tatu na nusu hivi. Umetoa kumi na nane kununua kumi na tatu na nusu. Badala ya sita za bure, umepoteza nne na nusu, tena kama hizo tatu za kila mwaka zipo kweli. Nani amekuambia zipo? Shule gani imeomba chaki ya rangi?

Jambo jingine. Usinunue spea kwa sababu ya zile kumi na nane. Hizo zimekwishazama. Ukinunua spea au usinunue, hazirudi. Swali ni moja tu: hiyo milioni moja na laki mbili, kuanzia leo kwenda mbele, italeta nini? Kama huna jibu, acha turubai lilipo. Profesa anasema watu wenye akili zao timamu hushindwa kulielewa jambo hili hata baada ya kufaulu mtihani. Wamejenga nusu ya daraja, daraja halina mto chini yake, wanamalizia nusu ya pili kwa uchungu wa ile ya kwanza.

Nasubiri namba za kweli. Mafua hayachukui miezi miwili.

Bibi

Ofisini
19 Mei

Bibi, shikamoo.

Mama hajambo.

Jumanne alikuja mwanamume uani kwetu na futi ya kupimia. Alipima ua wote, akapima na geti, akaandika kwenye daftari. Mama Trei alimuuliza anapima nini, akasema apewe nafasi tu, amri inatoka juu. Nikatoka mimi. Nikamuuliza ametumwa na nani. Akasema ametumwa na jirani yetu mwenye ghala la mabati, na kwamba nisiwe na wasiwasi kwa sababu bibi yangu ana habari tangu Novemba.

Tangu Novemba, bibi.

Nimekaa wiki nzima nikitafuta namna ya kuandika. Nikampigia Kisimu kwa ile namba ya dharura uliyonitumia. Sikutaka kumchimba, lakini akanipa nafasi nami nikaitumia. Amesema kwenye jaribio la kwanza ulipata thelathini na moja kwa mia, na kwamba ulilala siku mbili ukiwa umegeukia ukutani.

Kwa hiyo mwenye hisa aliyepata thelathini na moja ndiye aliyenisomea hesabu mbele ya darasa zima. Hilo nimelimeza. Lakini nilidhani umeenda kusoma. Kumbe umeenda kusomea namna ya kutuuza.

Mjukuu wako

Chumba 14
24 Mei

Mjukuu wangu,

Leo sina salamu ndefu. Nimepokea barua yako asubuhi, sijaingia darasani.

Ni kweli. Mwenye ghala alikuja nyumbani Novemba, wewe ukiwa kazini. Anataka kiwanja chote, avunje kiwanda, apanue ghala lake. Akanitajia milioni tisini na tano. Nikamwambia nitafikiri. Nilimdanganya. Sikuwa na cha kufikiri nacho. Nilikuwa sijui kama tisini na tano ni nyingi au ni kidogo.

Hilo ndilo sikuweza kukuambia, si neno kuuza. Miaka thelathini babu yako alikaa na watu ofisini wakitaja namba, nami naingia na chai, nasikia namba, natikisa kichwa kukubali. Alipofariki, benki wakanitajia namba, nikatikisa kichwa. Mhasibu wako akija na karatasi yake, natikisa kichwa. Mwenye ghala alipomaliza kusema nilijikuta naanza kutikisa kichwa, nikakishika kwa mkono. Wiki ileile nikaenda kuuliza kuhusu chuo.

Thelathini na moja ni kweli vilevile. Swali la pili liliuliza thamani ya leo ya milioni moja utakayopokea baada ya miaka mitano. Niliandika kwamba kwanza nataka kujua ni nani ataileta. Sikupewa alama. Baadaye Profesa akaniambia kwamba swali langu ni zuri, linaitwa hatari ya uwekezaji, lakini liko sura ya saba, na jaribio lilikuwa la sura ya tatu. Niligeukia ukutani siku moja na nusu. Kisimu anapenda kuongeza.

Sijamuuzia mtu chochote. Huyo mpimaji sikumtuma. Lakini siwezi kumjibu jirani, ndiyo wala hapana, kama sijui kiwanda kina thamani gani, na wewe ndiye umeshika namba zote. Nimekwambia yangu. Niambie zako.

Bibi

Ofisini
8 Juni

Bibi, shikamoo.

Barua yako nilimsomea mama. Alicheka pale penye kutikisa kichwa, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mhasibu hakuwahi kuwa na mafua. Namba hizi hapa, zimo kwenye karatasi ya nyuma, nimeziandika mwenyewe. Faida ilikuwa tisa, lakini fedha zilizoingia kweli ni tano. Shule zilikuwa thelathini na nane, zimebaki ishirini na sita. Nyingine zimeweka mbao nyeupe za kuandikia kwa kalamu. Tangu Januari sijachukua mshahara. Machi niliuza pikipiki ili watu kumi na nne walipwe, nikasema nyumbani imeharibika iko gereji. Mama bado anaulizia fundi wa gereji gani huyo asiyemaliza kazi.

Mashine niliinunua kwa sababu nilikuwa naona shule zinaondoka moja moja na sikuweza kukaa tu nikitazama. Nimejaribu kuiuza. Hakuna anayeitaka. Ulinikabidhi funguo za ofisi mbele ya wafanyakazi wote, bibi. Ningeandikaje kwamba zinafungua chumba kitupu?

Nikuchekeshe kidogo nisimalizie hapo. Kuna fundi cherehani mmoja mbishi anakuja kila Jumatatu kununua chaki zetu. Anazisugua kwenye ukuta wa nje mpaka ziwe bapa, za kuchorea nguo, na analalamika hatuna za rangi, eti nyeupe haionekani kwenye kitambaa cheupe. Amenichafulia ukuta wote. Nimemfukuza mara mbili.

Mjukuu wako

Chumba 14
21 Juni

Mjukuu wangu,

Namba zako nimezipokea, na uchungu wake nimeupokea. Nimezisoma mara tatu. Sikutikisa kichwa.

Pikipiki tutaizungumza siku nyingine, nikiwa nimekaa karibu nawe.

Lakini umemfukuza mteja, mjukuu wangu. Mtu anatoka kwake kila Jumatatu, ananunua bidhaa isiyomfaa, anaikarabati kwenye ukuta wako kwa nguvu zake mwenyewe, anakuambia kwa mdomo wake rangi anayoitaka, wewe unamfukuza, na uani kwako kuna mashine ya rangi saba imefunikwa turubai.

Nyuma ya chuo kuna mtaa wa mafundi cherehani. Nimeupita wote na Kisimu, yeye anaandika kwenye simu, mimi nauliza. Mafundi ishirini na wawili. Kila mmoja anatumia chaki bapa nne hadi sita kwa mwezi, wananunua zinazotoka mbali, na zinavunjika mifukoni. Mmoja alidhani nimekuja kukagua leseni akajificha nyuma ya nguo za harusi. Tulimsubiri mpaka akatoka.

Uliza bei ya kalibu bapa za kumiminia chaki, badala ya zile za mviringo. Kwa hesabu yangu, kalibu laki nane na spea milioni moja na laki mbili ni milioni mbili. Mafundi wa mji wako na miji miwili ya jirani, baada ya kutoa matumizi na matengenezo, wanaweza kuleta milioni tatu kwa mwaka. Milioni mbili za leo kununua tatu za kila mwaka, hapo hata Kisimu alisema nunua bila kuinua uso.

Na ile nusu ya ua ya nyuma, shule zikiwa zimepungua, trei zinaihitaji kweli? Jirani anatafuta nafasi ya kuweka mali. Muulize kama atapanga. Usimuulize kwa unyonge. Yeye ndiye aliyekuja na futi.

Mtihani wa mwisho ni wiki ijayo. Nimenunua kikokotoo chenye vitufe vikubwa.

Bibi

Ofisini
6 Julai

Bibi, shikamoo. Pole na mtihani.

Mama anatembea sasa hadi dukani. Amejua habari ya pikipiki. Mama Trei ndiye aliyemwambia, yule mama angefaa kuendesha gazeti.

Kalibu bapa zimepatikana kwa laki saba na themanini. Spea imefungwa. Tulipoiwasha mara ya kwanza ilitoa chaki ya kijani peke yake siku nzima, tukadhani imeharibika, kumbe nilikuwa sijasoma kitabu chake ukurasa wa pili. Nilimfuata yule fundi dukani kwake nikiwa na boksi moja. Aliniona kwa mbali akadhani nimekuja kumdai gharama za ukuta. Amechukua boksi tatu, na chama chao cha mafundi kimeagiza arobaini.

Mwenye ghala amekubali kupanga nusu ya ua kwa milioni nne kwa mwaka. Alisema ni kwa muda tu, mpaka bibi atakapompa jibu la kiwanja chote. Nikamwambia jibu litakuja kwa maandishi.

Na mimi nalisubiri, bibi. Hesabu zote umezifanya. Hujasema umeamua nini. Watu kumi na nne wananitazama usoni kila asubuhi kuona kama najua, nami nakwepa kwa kwenda kukagua trei. Trei hazijawahi kukaguliwa hivi.

Mjukuu wako

Chumba 14
18 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba. Msalimie mama yako, mwambie asivuke barabara kwa sababu tu magoti yameitikia.

Matokeo yametoka. Nimepata sitini na nne. Kisimu amepata sitini na moja na hasemi nami tangu jana.

Kwenye mtihani lilikuwepo swali la alama ishirini: kiwanda cha chaki, mwenye nacho amepewa bei ya kiwanja, auze au asiuze? Profesa alikuwa amelichukua kwenye kazi yangu ya muhula, akabadilisha namba kidogo kwa heshima. Nililijibu hivi, na nakuwekea namba zetu halisi. Shule milioni tano, mafundi tatu, ua wa kupangisha nne, jumla kumi na mbili kwa mwaka. Shule zitapungua, mafundi wataongezeka, nimewaacha wafidiane wenyewe. Kama kumi na mbili inakuja kila mwaka bila kikomo, unaigawa kwa asilimia kumi na tano, unapata themanini. Toa milioni mbili za spea na kalibu, sabini na nane. Mkopo wa benki haumo, kwa sababu tutaulipa tukiuza na tusipouza. Jirani anatoa tisini na tano. Tisini na tano ni kubwa kuliko sabini na nane. Nikaandika: Auze. Nikapewa ishirini kwa ishirini.

Profesa alinikuta koridoni akanipongeza. Akaniuliza, "Kwa hiyo mama, umeuza?"

Nikamwambia, "Sijauza, na siuzi."

Akavua miwani. Akasema nimetoka kuandika kinyume chake kwa kalamu yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe uliuliza bei. Nimekujibu bei. Tofauti ni milioni kumi na saba. Hiyo ndiyo ninayolipa ili nisiuze, na nailipa nikiijua."

Alinitazama, akacheka peke yake, akaingia ofisini. Sijui kama amekubali.

Sasa nikuambie nanunua nini kwa hizo milioni kumi na saba, maana wewe ni meneja na una haki ya kujua fedha za mwenye hisa zinakwenda wapi. Mwezi Februari, kwa zile tano za shule peke yake, kiwanda kingekuwa na thamani ya milioni thelathini na tatu tu, na ningeuza bila kukuuliza, ningelia baadaye. Leo nalipa kumi na saba, na naweza. Wale kumi na nne wamo ndani yake. Wewe umo. Lakini nisijifanye mtu wa huruma peke yake. Nilianza hapo nikiwa na umri wa Kisimu, nafunga maboksi. Nikaolewa na mwenye kiwanda, nikapandishwa cheo kuwa mleta chai. Nimebakiza miaka miwili ya chuo. Nikimaliza nitakuwa na miaka sitini na nane na digrii mpya kabisa, na hakuna ofisi duniani itakayoniajiri. Basi nimejinunulia ya kuniajiri.

Nataka kazi ya hesabu. Naomba rasmi, na barua hii ndiyo maombi.

Jibu la jirani nimeliambatanisha, limesainiwa. Mpelekee mwenyewe. Na nimeandika asilimia kumi ya hisa kwa jina lako. Profesa anasema dawa ya meneja anayemficha mwenye hisa ni kumfanya naye awe mwenye hisa, ili akificha awe anajificha mwenyewe. Kuanzia mwezi huu chukua mshahara.

Bibi yako

Ofisini
30 Julai

Bibi, shikamoo.

Mama hajambo. Nilipomsomea matokeo alitoka nje akawaambia majirani wawili wa kwanza aliowaona, mmoja wao hatumjui.

Barua ya jirani niliipeleka mwenyewe. Aliisoma amesimama, akauliza kama ukiongezewa milioni tano utabadili mawazo. Nikamwambia ingebidi iwe kumi na saba ndipo tuanze mazungumzo. Akaniuliza namba hiyo nimeitoa wapi. Nikasema tuna mtu chuoni.

Kisha nikawakusanya wote kumi na nne uani, nikawaambia kiwanda hakiuzwi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakaishia njiani. Mama Trei akasema alikwishajua tangu wiki iliyopita, akawarudisha watu kazini. Mimi nilibaki nimesimama pale kwenye jua na karatasi mkononi. Nilikaa muda, bibi. Ilikuwa siku nzuri ya kukausha.

Kuhusu maombi yako ya kazi, yamepokelewa. Mwenye asilimia kumi ya hisa ameyajadili na meneja, na wamekubaliana. Nafasi itakusubiri hiyo miaka miwili. Ila ujue kwamba hapa kila mfanyakazi mpya huanza na miezi mitatu ya majaribio, bila kujali ni bibi wa nani, na nitakuwa nakuangalia.

Mjukuu wako,
Meneja